Gari Linalia Upande Gani

Tarehe tisa ya mwezi wa nne, mwaka juzi, niliondokewa na mke wangu. Figo zake zilikuwa zimechoka, na kwa muda mrefu tulijua siku hiyo inakuja, lakini kujua hakukunisaidia kitu. Tulimzika hapahapa Shinyanga, nyuma ya nyumba, karibu na tuta alilokuwa anapandia mchicha. Siku ile nilipoteza mke, na bila kujua nilipoteza pia sikio langu la kulia. Hili la sikio ndilo ninaloweza kulieleza. La mke siliwezi.

Sikio lenyewe lilikufa zamani. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda Geita, kwenye machimbo madogo, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulisha karasha, ile mashine inayosaga mawe yanayotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nilisimama mahali palepale kila siku, sikio la kulia likiielekea mashine, nimejifunga kitambaa kichwani nikidhani kinatosha. Nilipoacha kazi ile, sikio la kulia lilikuwa halisikii kitu isipokuwa mlio wake lenyewe, uuuu, kama karasha bado linazunguka kule ng'ambo ya mlima. Nimeuzoea. Huwa naulalia.

Tulipopata gari, gari la zamani lenye nafasi ya mzigo nyuma, mke wangu alianza kupeleka vitenge minadani na mimi nikawa dereva wake. Yeye alikaa kushoto kwangu. Alikuwa hajui kuendesha na hakutaka kujifunza, lakini gari lile alilijua kuliko mimi. Tukiwa njiani ananyamaza ghafla, anaweka kiganja juu ya dashibodi, halafu anasema, "Baba, kuna kitu huku kwangu. Mbele. Kama kijiko kinagonga ndani ya kikombe." Nasimama, naingia chini, nakuta kile kifimbo kinachounganisha tairi na chuma cha kuzuia gari lisiyumbe kimelegea. Siku nyingine anasema, "Hiyo iko kwako, tukikata kona inatafuna kokoto." Fundi anafungua, anakuta mpira wa jointi umechanika na mchanga umeingia.

Mara moja tukitoka mnadani tairi la mbele lilianza kupiga kelele kali kama nguruwe anayekamatwa, na watu barabarani wakageuka. Mimi nilitaka kuita fundi. Mke wangu akasema, "Rudi nyuma kidogo kwanza." Nikarudi nyuma, kijiwe kikadondoka kutoka kati ya diski ya breki na bati lake, kelele ikaisha. Alicheka njia nzima. Alisema gari lilikuwa na punje ya wali kwenye jino.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi nilishika usukani, yeye alisikiliza. Sikuwahi kukaa chini nikafikiri kwamba kuna jambo mimi siliwezi.

Mama mkwe wangu alikuja kwenye msiba kutoka Ushirombo. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anaona mwanga tu na vivuli vya watu. Wakati wa heshima za mwisho shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye jeneza. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili. Mama akainama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Uso uko upande gani?" Shemeji akaushika mkono wake akaupeleka. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi. Hapo sikuweza tena.

Mke wangu alikuwa amesema miaka mingi kwamba atamleta mama yake atibiwe macho Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni, ambayo kutoka kwetu si mbali. Kwanza mama alikataa, alisema macho ni ya uzee. Baadaye mama alipoanza kulegeza msimamo, mke wangu akawa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo baada ya arobaini nilimpigia simu shemeji nikamwambia, kile alichotaka dada yako mimi nitakifanya, mwambie mama. Ilichukua miezi kumshawishi. Mwisho alikubali, lakini kwa sharti kwamba hapandi basi, kwa sababu aliwahi kukosa ngazi ya basi akaanguka mbele za watu. Atapanda gari la mkwe wake au hatakwenda. Nikaenda Kolandoto nikaomba siku, wakanipa siku.

Shemeji akaniambia kwenye simu, "Shemeji, sikiliza. Amekubali mara moja. Gari likimharibikia njiani akarudi nyumbani, huyu mama humtoi tena Ushirombo. Namjua."

Na gari lilikuwa limeanza kulia.

Nitaeleza lilivyoanza, maana hapo ndipo nilipopotea. Baada ya msiba gari lilikaa muda mrefu bila kwenda popote. Nilipoanza kulitumia tena, nilisikia mvumo, uuuu, mrefu, usiokatika. Nilidhani ni sikio langu. Nilifikiri, kwa kuwa nimelia sana na silali vizuri, karasha la kichwani limeongeza kasi. Niliishi na mvumo huo kwa wiki kadhaa nikidhani ni mimi. Siku moja nikienda Mwadui nikasimama kupisha ng'ombe, na mvumo ukasimama. Ng'ombe wakapita, nikaondoka, mvumo ukarudi, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo ulivyopanda. Mlio wa sikio langu haujawahi kupisha ng'ombe. Nikajua ni gari.

Nikaenda kwa fundi wangu, mtu wa rika langu, tumefahamiana tangu nilipopata gari. Gereji yake ni mti mmoja na kontena.

"Mwangaluka, mzee," akasema. "Leo umekuja peke yako?"

"Mwangaluka. Nimekuja peke yangu."

Akatingisha kichwa. Alikuwa amezoea kuongea na mke wangu, mimi nikisimama pembeni. "Haya. Linalia nini?"

"Linavuma. Nikipita sitini linavuma kama karasha."

"Hiyo beringi ya tairi. Au tairi lenyewe limekula vibaya. Upande gani?"

"Kushoto," nikasema.

"Una uhakika?"

"Kabisa. Linatoka kule alikokuwa anakaa marehemu."

Akapiga jeki upande wa kushoto, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha kwa mkono, akaegemeza bisibisi kwenye hab, pale katikati tairi linapofungwa, na upande wa pili kwenye sikio lake, kama daktari. Akasema hasikii kitu. Akainua na kulia, akatikisa, nalo limekaza, akazungusha, kimya. Akanieleza kwamba beringi ikianza kufa mara nyingine hailii mpaka ibebe uzito wa gari na mwendo, kwa hiyo ikiwa juu ya jeki inajifanya nzima. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wewe ndiye unalala nayo," akasema. "Mimi namwona mgonjwa akiwa amekaa tu."

"Basi ni kushoto," nikasema.

Akabadilisha beringi ya kushoto. Nikatoka barabarani, nikapita sitini, uuuu. Nikarudi. Akahamisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, maana kama tairi ndilo linalovuma sauti ingehama nalo. Haikuhama. Akakagua bushi, akakagua bol jointi, akaminya pua ya gari chini akaiachia kuona kama shokapu zimechoka. Kila kitu alikikuta salama. Tuliingia naye garini tukazunguka mjini, lakini mjini kuna matuta na bajaji, hatukufika mwendo wa kulitoa lile dude pangoni, na yeye wateja walikuwa wanamsubiri.

"Mzee," akasema mwishowe, "kama ni kushoto, mimi kushoto nimemaliza."

Siku ya kwenda Ushirombo ikafika gari likiwa bado linavuma. Niliondoka asubuhi. Kutoka Tinde kwenda Kahama ile barabara ina malori ya kwenda Rwanda na Burundi, makubwa, hayana huruma, na mimi nilikuwa naendesha kama nabeba mayai. Kichwani nilikuwa nawaza jambo moja tu. Beringi ikifa kabisa tairi linaweza kukwama au kutoka. Nikiwa peke yangu, shauri yangu. Kesho nitakuwa na mama yake.

Nilifika. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali chombo kimoja wala mahali pamoja, na hawatazamani usoni. Nilichuchumaa mbali uani nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akiwa amegeukia ukuta wa jiko. Anajua mimi niko wapi kwa sauti, akageuka upande mwingine kwa heshima, ingawa hata angenitazama asingeniona. Nilimpenda kwa hilo.

Asubuhi yake likaja suala la viti. Mahali pa kukaa mama mkwe ndani ya gari la mkwe, mila haikupatengeneza, kwa sababu mila ilikuwepo kabla ya magari. Mbele hawezi, atakuwa begani kwangu. Nyuma yangu hawezi, atakuwa ananipumulia shingoni. Shemeji akamkalisha nyuma upande wa kushoto, mlangoni kabisa, akamfunika kanga, na yeye mwenyewe akakaa mbele mahali pa dada yake. Nilimwona anasita kabla ya kukaa. Kisha akavuta mkanda akasema, "Haya dereva, twende, na ukinirusha nitakuchongea kwa dada yangu."

Tulipoacha mji na kupata mwendo, mvumo ukaanza. Mimi nikakaza macho barabarani. Kisha mama akasema kwa sauti ya juu, kama anaongea na dirisha:

"Mwanangu, muulize mwenye gari kama anasikia."

"Shemeji, mama anauliza unasikia?"

"Mwambie nasikia," nikasema. "Ni huku kushoto. Fundi ameshabadilisha beringi, bado tunatafuta."

"Mama, anasema ni kushoto."

"Kushoto ni wapi?" mama akauliza. "Mimi nimekaa kushoto. Huku kwangu kumenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Mwambie sauti iko kwake. Iko chini ya miguu yake."

Shemeji akanigeukia. "Umesikia mwenyewe."

"Mwambie mama kwamba mimi naisikia kushoto. Inatoka kwako hapo."

"Kwangu?" Akainamisha kichwa mpaka chini karibu na magoti, akasikiliza. "Kwangu hakuna kitu, shemeji. Kwangu kuna harufu ya karanga tu."

Nikasema naisikia wazi. Yeye akanitazama, halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Akaniambia, "Angalia mbele." Akapitisha mkono nyuma ya kichwa changu mpaka upande wa dirisha langu, akavunja vidole, ta, ta. "Nimevunja upande gani?"

"Kwako," nikasema. Na ndivyo nilivyosikia.

Hakucheka papo hapo. Alirudisha mkono akakaa. "Shemeji," akasema, "wewe kila kitu unakisikia kwangu, kwa sababu sikio linalosikia ndilo lililoko kwangu. Hilo lingine limebaki Geita." Ndipo akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. "Jamani! Kumbe dada yangu hakuolewa awe mke, aliolewa awe sikio!"

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Mama, mkwe wako upande wa kulia ni ukuta!"

"Usimcheke mkwe wangu," mama akasema, lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba na yeye anacheka chini ya kanga.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka. Miaka yote ile, kila gari lilipolia, sikuwahi kusema upande. Yeye ndiye aliyesema. "Huku kwangu." "Hiyo iko kwako." Sijui kama alijua kwa nini mimi sisemi. Nadhani alijua. Hakuwahi kunitajia.

Hata hivyo nilitaka kuwa na uhakika. Nilikuwa nimekosea mara moja kwa uhakika mkubwa, sikutaka kukosea tena kwa maneno ya mtu mwingine, hata kama ni mama. Mbele kidogo kulikuwa na uwanja wa mnada, mpana, siku ile haukuwa na ng'ombe wala wachuuzi. Nikaingia humo. Nikamwambia shemeji, mwambie mama ashike kiti, tutazunguka.

Nikaongeza mwendo nikazunguka kwanza kwa kukata kulia. Mvumo ukapungua, ukawa kama unazimika. Hilo hata mimi nilisikia, maana sikio langu moja halijui upande lakini linajua kubwa na dogo. Kisha nikageuza, nikazunguka kwa kukata kushoto. Gari likanguruma mpaka usukani ukatetemeka mikononi. Na mama, ambaye alikuwa mwembamba na kiti cha nyuma kilikuwa na kifuniko kinachoteleza, akateleza kutoka mlango wa kushoto mpaka wa kulia, akajizuia kwa kushika kiti changu kwa mikono miwili, mabega na yote.

"Mama!" shemeji akapiga kelele. "Unamkumbatia mkwe!"

Nilikanyaga breki. Vumbi likatupita. Mama akajiondoa haraka, akarudi upande wake akipapasa, akajitanda kanga upya mpaka puani. Sijawahi kuona gari limejaa aibu namna ile. Mimi nilitazama kioo cha pembeni. Shemeji alikuwa ameweka uso kwenye magoti, mabega yanatikisika.

Mama ndiye aliyesema wa kwanza, polepole, tena kwa dirisha lake. "Mwambie mwenye gari. Alipokata kuja huku, mimi nimeangukia kule. Na gari lenyewe limeangukia kule. Uzito wote umekwenda kule kwake. Na hapo ndipo lilipolia. Mtu mwenye mguu mbovu haugui mpaka aukanyagie."

Nikashuka. Nilikwenda kwanza tairi la kushoto, nikapitisha mkono nikagusa katikati ya rimu, pale hab ilipo. Palikuwa na joto la kawaida, joto la safari. Nikazunguka mbele ya gari nikagusa la kulia. Nikauondoa mkono mara moja, nikaupulizia. Sikuhitaji sikio kwa hilo.

Nikarudi dirishani kwa shemeji. "Mwambie mama ni kulia."

"Mama, anasema ni kulia."

"Ndiyo," mama akasema.

Tulikwenda Kahama kwa mwendo wa baiskeli, taa za hatari zikiwaka, malori yanatupigia honi na shemeji anayajibu kwa mkono. Kila baada ya muda nilisimama nikagusa hab, nikaiacha ipoe, tukaendelea. Kulikuwa na wakati mama alinyamaza sana na nilidhani anafikiria kurudi nyumbani. Nilimwambia shemeji, kwa sauti ya mama kusikia, kwamba kama mama anaogopa, nitatafuta gari lingine Kahama liwarudishe Ushirombo.

Mama hakusubiri kuulizwa. "Mwambie mimi sijasema naogopa. Kitu kinacholia unajua kilipo. Mwanangu aliyekuwa halii ndiye aliyekwenda."

Tukaendelea hivyo.

Kahama tulipata fundi kwenye gereji karibu na barabara kuu. Safari hii aliponiuliza upande gani nikasema, "Kulia. Ukikata kushoto linanguruma, ukikata kulia linatulia. Na hab ni ya moto." Akaniangalia akasema, "Basi umeshamaliza kazi, mimi nifungue tu." Akafungua tairi, kalipa ya breki, diski, akaitoa hab akaipeleka kwenye presi kusukuma beringi nje. Mama na shemeji walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha mama lishe ng'ambo, wanakula. Mimi nilikula mhogo wa kuchoma nimesimama nyuma ya kontena, nisionekane nakula.

Beringi ilipotoka fundi akaizungusha kwenye vidole. Ilikuwa na rangi ya kuungua na ilikwaruza kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Muda si mrefu shemeji akavuka barabara.

"Mama anataka kukiona hicho kitu."

"Kina grisi chafu," nikasema.

"Amesema kukiona, lakini unajua atakavyokiona."

Fundi akaifuta kwa kitambaa. Shemeji akaipeleka. Kutoka pale niliposimama nilimwona mama akiipokea kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni, akaizungusha. Alifanya hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza redio ambayo haikushika vizuri. Kisha akatingisha kichwa, akairudisha.

Beringi mpya ikaingia. Tukatoka Kahama jua likiwa limeanza kushuka. Nikapita sitini huku nimebana pumzi. Kulikuwa na upepo wa dirishani na matairi kwenye lami, basi. Uuuu ya kichwani kwangu ilikuwepo, lakini hiyo ni yangu. Nikamwambia shemeji amuulize mama kama anasikia kitu.

"Mama, unasikia kitu?"

"Nasikia wewe unavyotafuna karanga," mama akasema.

Usiku tulilala Shinyanga, nyumbani kwangu. Shemeji aliandaa chakula na kumpelekea mama chumbani, chumba kile ambacho mke wangu alikuwa anaweka vitenge vyake. Asubuhi kabla ya kuondoka mama aliomba apelekwe nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Mimi nilikaa garini nikiwasubiri. Walikaa huko muda, sikuwaharakisha.

Kolandoto tulifika mapema. Walimwandikisha, wakampima, wakamfanyia upasuaji wa jicho la kwanza kesho yake. Sisi tulisubiri kwenye mabenchi pamoja na watu waliotoka mbali kuliko sisi. Siku walipomfungua bandeji mimi sikuwepo ndani, kwa sababu ya ukwe, kwa hiyo hili naandika kama nilivyoambiwa. Shemeji anasema mama alipepesa, akatazama mikono yake mwenyewe, juu na chini, akasema, "Nimezeeka hivi?" Halafu akaomba simu ya shemeji aonyeshwe picha ya dada. Anasema aliishika karibu, akaisogeza mbali, akaishika karibu tena. Shemeji alitoka nje kidogo, akamwacha nayo.

Walipotoka, ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulitarajia. Mama alikuwa anaona, kwa hiyo heshima yote ilirudi. Zamani angeweza kupita mbele yangu, ukungu ukitutenganisha. Sasa aliponiona mlangoni mwa hospitali alijifunika kanga uso mzima, akageuka, akasimama ametazama ukuta mpaka nilipoondoka.

"Mama," shemeji akamwambia, "ukijifunika hivyo utajikwaa, na jicho lenyewe jipya."

"Bora nijikwae," mama akasema kutoka ndani ya kanga.

Nilikwenda kulisogeza gari, wao wakaja nyuma yangu. Nikamsikia mama anauliza, "Lile jekundu ndilo la mkwe wangu?"

"Ndilo."

"Nilidhani jeusi. Safari yote nimelipanda jeusi."

Baada ya mapumziko ya kama wiki kwetu Shinyanga, na baada ya kurudi Kolandoto kwa kuangaliwa, nilimrudisha Ushirombo. Jicho la pili walisema aje baada ya mavuno, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia daktari kwamba atakuja. Alikaa palepale, nyuma, mlango wa kushoto, kanga mpaka machoni, akiangalia nje. Safari hii shemeji hakuulizwa kitu kwa muda mrefu. Mama alikuwa anasoma mambo ya nje na kuyataja moja moja, kana kwamba tusingeyaona. Punda. Nyumba ya bati jipya. Mtu amebeba godoro. Malori ya Rwanda aliyachukia kwa sura kama alivyoyachukia kwa sauti.

Tulipita ule uwanja wa mnada. Siku hiyo ulikuwa umejaa ng'ombe na watu, na mbele kulikuwa na vitenge vimetandazwa juu ya turubai. Niliendesha taratibu mpaka tulipoumaliza.

Baada ya hapo, kwenye kipande ambacho lami imechakaa, mama akasogea kidogo mbele.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu kuna kitu kinagonga. Nyuma, upande wake."

Mimi sikuwa nimesikia. Shemeji akanitazama, akafungua mdomo kunieleza, nikamwambia, "Nimemsikia mama." Nikasimamisha gari pembeni, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Jeki ilikuwa imetoka mahali pake upande wa kulia, inagonga bati. Nikaifunga kwa kipande cha mpira, nikaitikisa isicheze, nikarudi kwenye usukani, tukaendelea.